Mti Ambao Mbaini Haikuutambua

Siku ambayo Kwemlanga nzima ilivaa nguo za sikukuu kungoja michungwa yake irudi, Mwantumu Semkiwa alikuwa nyuma ya maabara, amechuchumaa mbele ya mindimu, anatamani ardhi ipasuke immeze.

Mindimu yenyewe haikuwa na hadhi yoyote. Ilikuwa kwenye ndoo kuukuu, imepangwa ukutani pale maji ya kiyoyozi yanapodondokea, na kila mgeni aliyepita aliuliza kama ni ya kukamulia supu. Mwantumu alikwisha zoea kutaniwa. Kituo kilikuwa na Mbaini, ile pete kubwa ya mlangoni inayonusa jani mara moja na kutamka mti una kirusi gani, na juu ya mashamba ziliruka Mbaini ndogo kama nyuki. Nani tena duniani aliyekuwa anapima ugonjwa kwa ndimu? Lakini yeye alifunzwa kazi na watu wa zamani, nao walimwambia kwamba mashine husema inachokijua, mndimu husema unachokihisi. Basi kutoka kila ukoo wa michungwa uliooteshwa kwenye chupa alichukua jicho moja, akalibebesha kwenye mndimu, akaufunga kitambaa cha kanga cha rangi yake, maana lebo za karatasi hufutwa na mvua. Mndimu ni mwepesi wa kuugua. Jicho likiwa na kirusi, mishipa ya majani yake hupauka, na ukiliinua jani juani unaona nuru inapenya.

Aliinua jani la kwanza, nuru ikapenya. La pili, ikapenya. Akafuta miwani kwa upindo wa kanga, akaanza upya kutoka mwanzo wa ukuta, taratibu, kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Mindimu yote ilikuwa imepauka mishipa, isipokuwa mmoja, ule wa mwisho karibu na bomba. Huo ulikuwa wa kijani mpaka ndani. Kitambaa chake kilikuwa cha samawati, na hakuhitaji kuulizwa ni cha nani. Ulikuwa ukoo wa mchungwa wa mama yake, ule ambao Mbaini iliukataa.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu asiyelijua chungwa la Bibi Harusi hawezi kuelewa kwa nini mtu mzima, mkuu wa maabara, alikaa kitako kwenye tope na gauni lake jipya.

Kwemlanga binti akiolewa hatoki kwao mikono mitupu. Hubeba kikonyo kilichokatwa kwenye mchungwa wa mama yake, kimeviringwa kwenye ganda bichi la mgomba, na kabla hajaonja chakula cha ukweni hukibebesha kwenye mlimau wa shamba la mumewe. Kikishika, ndoa imeshika. Kikikauka, loo, mawifi watapata la kusema mpaka bibi harusi azeeke. Ndivyo bonde zima lilivyojaa chungwa moja, la ganda jembamba na maji mengi, na ndiyo maana likaitwa Bibi Harusi. Kila mti ulikuwa binti wa mti mwingine, vizazi kwa vizazi.

Kisha ukaja mkauko. Hicho ni kirusi kilichoingia kutoka nje, kikakausha mchungwa kuanzia nchani kama mtu aliyeuwashia kiberiti. Serikali ikaleta Mbaini na sheria moja tu: mti wowote ambao Mbaini itasema ni mgonjwa, au itasema haiutambui, uchomwe na mizizi yake. Hilo la kutotambulika liliwekwa kwa tahadhari, kwamba usichokijua usikiache kikakaa. Bonde likawaka. Mwantumu alipita nyumba kwa nyumba mbele ya moto, akichuma chipukizi za kila mti ili azikuze maabara. Alipofika uani kwa mama yake, Bi Mwanahija, Mbaini ikazunguka juu ya mchungwa mara tatu, ikasema: "Haitambuliki." Mwantumu akaweka kidole chake kwenye kibali cha kuuchoma. Angefanyaje? Angeusamehe mti wa mama yake na kuchoma ya wenzake?

Mama yake hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Mti uliokulea wewe, leo hautambuliki?" Tangu siku hiyo walisalimiana, shikamoo na marahaba, na baada ya hapo kila mmoja akashika lake. Misimu mitatu sasa, na Mwantumu hakuwahi kula chakula kikamshuka vizuri nyumbani kwa mama yake.

Kazi ya maabara ilikuwa ya subira. Chipukizi zilitiwa kwanza kwenye chumba cha joto, kirusi kilegee. Kisha mkono wa chuma, chini ya hadubini, ulikata ncha yenyewe ya chipukizi, ndogo kuliko punje ya mchanga. Kirusi husafiri kwenye mishipa ya mti, na pale nchani mishipa haijafika bado. Ukikata padogo ya kutosha, unakuwa umekimbia na mti ukauacha ugonjwa nyuma. Ncha hulazwa kwenye chupa yenye chakula cha rojorojo, ikaota mche mdogo kama uzi. Kila chupa ilipitishwa kwenye pete. Mbaini ikisema "Bibi Harusi, mzima," chupa ilikwenda rafuni. Ikisema "Haitambuliki," ilikwenda kwenye jungu la mvuke, ikachemshwa. Za namna hiyo zilikuwa nyingi, na watu wote, Mwantumu akiwamo, waliamini kwamba kukata ncha ndogo mno kunaharibu umbo la mti.

Chupa za ukoo wa mama yake zilikataliwa zote, bila kubaki hata moja. Lakini hizo hakuzichemsha. Akaziandikia kwamba zimebaki kwa uchunguzi, akaziweka rafu ya juu, akawa anazigawanya na kuziotesha kila zilipojaa, na chache akazibebesha kwenye mashina. Wenzake waliiita rafu ya mama, wakacheka. Alicheka nao. Ukweli ni kwamba hakuwa anachunguza kitu. Alishindwa tu kuuchoma mti ule mara ya pili.

*

Dokta Mntambo alikuwa ofisini, amevaa kanzu na koti, anajaribu hotuba yake mbele ya dirisha. Yeye ndiye aliyeibuni Mbaini, na yeye ndiye aliyemfundisha Mwantumu kushika kisu cha maabara. Mwantumu alimwamkia, akamwekea beseni la majani ya ndimu mezani, juu ya hotuba.

Mzee wa watu alianza kwa kukataa, kama ambavyo yeyote angekataa. Akasema labda ni maji, labda udongo wa ndoo umechoka, labda mindimu ina njaa ya madini ya chuma. Mwantumu akamtolea jani la mndimu wa samawati, lililokunywa maji hayohayo kwenye ndoo ya namna ileile. Dokta akaliinua dirishani. Halikupitisha nuru. Akaketi.

"Mbaini tuliifundisha afya kwa miti gani?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena.

"Ya hapahapa, Dokta. Iliyokuwa mizima kabla ya mkauko."

"Iliyoonekana mizima."

Hapo wote wawili wakaelewa. Bonde zima lilikuwa na chungwa moja lililotoka kwa bibi harusi mmoja wa zamani, na kikonyo chake kilikuwa kimebeba kirusi kingine, kimya, kisichomsumbua mtu. Kila binti alikibeba bila kujua, pamoja na baraka za mama yake. Kwa hiyo siku mashine ilipopewa majani ikaambiwa hivi ndivyo mchungwa mzima unavyonuka, ilijifunza harufu ya chungwa na harufu ya kirusi kama kitu kimoja. Mkauko iliujua barabara, na mkauko kweli uliisha. Lakini mche uliosafika kabisa, uliokuwa mchungwa mtupu, kwake ulikuwa mgeni.

"Wale tuliowachemsha," Mwantumu alisema. "Tumekuwa tunawachemsha wazima, tunawapa wagonjwa cheti."

Kirusi hicho kingeendelea kukaa kimya kama michungwa ingerudishwa kwenye milimau ya zamani. Lakini milimau ndiyo iliyokuwa maficho ya mkauko, na miche yote ya kugawa leo ilikuwa imebebeshwa kwenye shina jipya linaloustahimili. Shina hilo, kwa kirusi kimya, halina ubavu. Dokta alilijua hilo kuliko yeye. Miti ingekua vizuri, ingechanua, ingezaa miaka minne mitano watu wakachekelea, kisha ingekufa yote, mmoja baada ya mwingine, ikiwa na matunda juu.

Dokta Mntambo hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilitoka kwa mtu aliyechoka. Alisema watu wamengoja misimu mitatu. Mashimo yamechimbwa, samadi imetiwa, wengine wameng'oa mihogo yao kupisha michungwa. Tukiwaambia leo, hawatatuamini tena milele, na wakiacha kutuamini wataotesha chochote watakachookota, na mkauko utarudi. Tugawe. Miaka mitano ni mingi, tutakuwa tumepata la kufanya kabla haijaanza kufa.

Na hapa tusimpambe Mwantumu. Alitaka kukubali. Aliwaza vigelegele vya alasiri, akawaza mama yake akipewa mche mbele za watu, akaona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza. Kunyamaza hakuhitaji hata kuinuka kwenye kiti. Kilichomzuia ni kidole chake. Aliona kidole kilekile kikisaini kibali kingine, miaka mitano mbele, uani kwa watu walewale.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Dokta," alisema mwishowe. "Mimi nitasema. Nipe mpaka alasiri nijue kwa nini mti wa mama ni mzima. Tusipojua kwa nini, hatuwezi kuufanya kipimo. Unaweza kuwa mzima kwa bahati tu. Na wewe, nakuomba, ifundishe Mbaini upya kwa majani yake."

Dokta alitazama hotuba iliyolowa maji ya majani. Akavua koti, akakunja mikono ya kanzu, akaenda kwenye pete.

*

Bi Mwanahija alikuwa barazani anachambua mchicha, na nguo ya sikukuu hakuwa ameivaa. Alikwisha sema haendi kupokea mche kwa watu wasioutambua mti wake. Mwantumu aliamkia, akaitikiwa, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Mbele yao palikuwa na lile doa jeusi la uani, pale mchungwa ulipochomwa, ambapo hata nyasi hazikuota sawasawa.

Alimweleza yote, kuanzia mindimu mpaka jungu la mvuke. Kisha akauliza alichokuja kuuliza: kile kikonyo alichokuja nacho harusini, alikitoa kwa nani? Maana kama kilitoka kwa bibi, kingekuwa kigonjwa kama cha kila mtu.

Bi Mwanahija aliendelea na mchicha. Akachambua shada zima. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mwantumu akafikiri mama analia, akainuka amshike. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Kikonyo chake kilikauka njiani. Mto ulikuwa umefurika, gari la harusi likakwama ng'ambo mpaka kesho yake, na jua lile halikuacha kitu. Bibi harusi mwenye kikonyo kikavu, na mawifi wanne wanamngoja! Katika fundo la kanga alikuwa na kokwa za chungwa alilopewa na mama yake ale njiani. Akakifunga hivyohivyo kikavu kwenye mlimau wa mumewe, na kwa siri akachimbia kokwa chini yake. Ilipoota, akaukata mlimau, si usiku wa manane kama ambavyo mwingine angefanya, bali mchana peupe wakati wenzake wako msibani, akauzungushia mche wake kamba ya mgomba ili uonekane umebebeshwa. Mti ukachelewa kuzaa, kama michungwa ya mbegu inavyochelewa. Mawifi wakauliza kulikoni. Akawajibu kwamba mti wa kwao una haya.

Mwantumu alishika kichwa. Kirusi kile hakiingii kwenye kokwa. Na kokwa ya chungwa, mara nyingi, huzaa mti uleule wa mama yake, sura na utamu, kama nakala. Mama yake, kwa kuogopa ndimi za mawifi, alikuwa amefanya kwa mkono mmoja kile ambacho kituo kizima kilihangaika nacho misimu mitatu.

"Kwa hiyo," alisema Bi Mwanahija, akifuta machozi ya kicheko, "uongo wangu ndio mzima, na ukweli wa wenzangu ndio mgonjwa?"

"Ndivyo, mama." Kisha Mwantumu akasema lile lililomkaa kifuani muda wote. "Na niliuchoma mimi. Nisamehe, mama yangu."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kumtazama hasa.

"Uliuchoma, ndiyo. Na chipukizi ulichukua?"

"Nilichukua."

"Unazo?"

"Ninazo. Rafu nzima."

"Basi hukuuchoma wote." Akainuka, akakung'uta mapaja. "Ningojee nivae."

Mwantumu akamwonya kwamba siri yake italazimika kutajwa mbele za watu, ndipo waelewe. Mama akajibu kutoka chumbani kwamba mawifi wote wanne wamekwisha tangulia mbele ya haki, sasa amwogope nani?

*

Uwanja wa kituo ulikuwa umejaa. Miche ilipangwa mbele kwa safu, inang'aa, na kila aliyekuja alikuwa amekwisha uchagua wake kwa macho. Mwenyekiti wa wakulima, Kibwana Hoza, mtu wa maneno machache na mikono kama makafi, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mashimo yake yalisifiwa bonde zima.

Mwantumu alichukua kipaza sauti. Hakuzunguka. Alisema miche hii ni migonjwa, kituo kilikosea, na yeye ni mmoja wa waliokosea. Ukazuka mngurumo. Mtu mmoja nyuma akasema hawa wametuchomea sasa wanatucheza shere. Mwanamke mmoja alikaa chini palepale na ungo wake mtupu. Mwantumu aliona kila uso, na kila uso ulikuwa wa mtu anayemjua.

Ndipo Dokta Mntambo akaja akasimama ubavuni mwake, bila koti, jasho limemlowesha kanzu. Alisema mashine ni yake na kosa la kwanza ni lake, na kwamba hawaombi waaminiwe kwa maneno. Akawaita Kibwana na wengine waje wapitishe miche kwa mikono yao wenyewe.

Kibwana alinyakua mche aliokuwa ameuchagua. Akaupitisha kwenye pete.

"Bibi Harusi," ilisema Mbaini. "Una kirusi."

Akachukua mwingine, na mwingine. Wenzake nao wakaingia kazini, safu baada ya safu, na pete ikarudia neno lilelile mpaka watu wakaacha kunung'unika na kuanza kusikiliza. Mwantumu akaeleza habari ya kikonyo cha harusi, na jinsi kirusi kilivyopanda magari ya harusi miaka yote hiyo. Alipofika kwenye habari ya kokwa alisita. Bi Mwanahija akamnyang'anya kipaza sauti, akaisimulia mwenyewe, mto, fundo la kanga, kamba ya mgomba na yote. Alipofika kwenye ule mti wenye haya, uwanja mzima ulikuwa unacheka, na yule mwanamke aliyekaa chini alikuwa amesimama.

Kibwana Hoza hakucheka. Alingoja watulie.

"Kwa hiyo leo tunarudi mikono mitupu, mwanangu?"

"Leo, ndiyo, baba. Mizima ni ile ya rafu moja. Lakini chupa moja huzaa nyingi, na sasa Mbaini inakijua kirusi. Chipukizi za kila nyumba bado ninazo. Tutakata ncha upya, na safari hii iliyosafika tutaitambua. Kila mmoja atarudishiwa ukoo wa mti wa mama yake, ukiwa mzima. Si mwaka huu. Nisingependa kuwadanganya."

Kibwana alitazama safu za miche aliyoingoja misimu mitatu. Kisha akamgeukia Mwantumu, na wote waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba macho yake yalikuwa na maji.

"Shimo haliozi," alisema. "Tutapanda mahindi humo, tutangoja. Aliyetuambia ukweli siku ya sikukuu hatatudanganya siku ya kazi."

Akainama, akabeba trei ya kwanza ya miche migonjwa mwenyewe, akauliza jungu la mvuke liko wapi. Nyuma yake watu wakaanza kubeba. Wanawake wakaanzisha wimbo wa kusindikiza bibi harusi, kwanza kwa mzaha, kisha kwa moyo, na vigelegele vikapanda mpaka ile milima ya juu ikajibu. Mwantumu alilia bila kujificha, na furaha iliyomjaa hakuwahi kuionja tangu aanze kazi ile.

Trei ya mwisho ilipoondoka, alitoka maabara na mche mmoja wenye kitambaa cha samawati, akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili. Watu wakafungua njia. Bi Mwanahija hakuelekea nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye pete, akasimama chini yake na mche wake kifuani kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

Taa ikawaka kijani.

"Bibi Harusi," ilisema Mbaini. "Mzima."

Bi Mwanahija aliitazama juu na chini, akarekebisha kanga begani.

"Mzima miaka yote," akaijibu. "Ni wewe tu ulikuwa hujafundishwa kusalimia."